Nyuma ya Kioo cha Studio

Alhamisi ile Syombua alifika kazini akiwa amesuka upya, amevaa ile blauzi ya zambarau ambayo Mumin aliwahi kumwambia inamfanya aonekane kama mtu anayengoja wageni wa posa. Alicheka siku hiyo. Wageni wenyewe alikuwa amewangoja miaka miwili.

Shirika la Afya Jirani lilikuwa na ofisi zake katika mtaa wa Shauri Moyo. Kwa muda mrefu vipindi vyao vya redio, vya afya ya mama na ya familia, vilirekodiwa mjini katika studio za watu, kwa saa za kuombaomba. Mwaka huu mkurugenzi, Bwana Nalianya, alisema yatosha. Ghala lililokuwa likiwekwa magunia ya unga wa uji likaondolewa vitu vyote, na Mumin, fundi mitambo wa shirika, akaambiwa aligeuze liwe studio yao wenyewe. Bwana Nalianya alidhani kazi ni kubandika trei za mayai ukutani. Mumin alimweleza kwa upole kwamba trei za mayai ni za mayai.

Ikawa miezi minne ya jasho. Mumin alijenga ukuta ndani ya ukuta, akajaza pamba nzito katikati, akabandika sifongo nyeusi kila mahali, akaweka milango miwili inayofuatana na kioo cha tabaka mbili kati ya chumba cha mtangazaji na chumba cha mitambo. Syombua, ambaye ndiye angekuwa mtangazaji, alikaa naye kila alipopata nafasi, akimshikia futi ya kupimia, akimpa misumari. Walijua kugusana vidole kwenye ncha ya futi bila mtu kuona. Siku mlango wa pili ulipofungwa kwa mara ya kwanza, na nyundo za mafundi wa mabati wa soko la jirani la Gikomba zikanyamaza ghafla kama zimemezwa, Mumin alimwangalia na kusema, "Umesikia? Sasa ni moyo wako tu unapiga kelele."

Alimpenda kwa maneno kama hayo. Alimpenda kwa mikono yake myembamba yenye alama za moto wa risasi ya kuunganishia nyaya, na kwa jinsi alivyokuwa akimsikiliza mtu kwa kuinamisha kichwa. Na kwa sababu alimpenda, alimwamini kila jioni alipomwambia habari za mama yake, "Hooyo bado amekataa, Syo. Akisikia jina lako presha inapanda. Amesema lisitajwe tena nyumbani. Tumpe muda."

Syombua alimpa muda. Kwao yeye hakupewa. Baba yake, Mzee Muthama, mchonga vinyago na mwimbishaji wa kwaya kanisani, alipopata habari za kijana wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo, alisema neno moja tu: "Chagua." Syombua alichagua. Akahamia chumba kimoja mtaa wa Mbotela na godoro na sufuria mbili. Mama yake, Kavindu, alikuwa akimpigia simu kwa siri akiwa sokoni. Baba yake hakuwa amepokea simu yake kwa miezi minane.

Siku hiyo ya Alhamisi ndiyo walikuwa wanarekodi kipindi cha kwanza kabisa katika studio mpya. Kilihusu wazazi na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima: kwa nini hawaambiani mambo. Mgeni alikuwa muuguzi mmoja, lakini saa mbili na nusu akapiga simu kwamba anaumwa.

"Usijali," Mbeti akamwambia Syombua. Mbeti ndiye aliyekuwa akizunguka mitaani kwa niaba ya shirika, na hakuna mlango wa Majengo asioujua. "Kuna mama mmoja mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafanyabiashara. Anauza mablanketi kwa jumla. Akiongea, hata wewe utasahau maswali yako. Nimeshamtumia mtu."

Nusu saa baadaye mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke mrefu, mtandio wa kijani mpaka kiunoni, anatembea haraka kama mtu aliyeacha wateja dukani. Hakutazama kiti alichooneshwa. Alitazama kioo, na nyuma ya kioo, Mumin aliyekuwa ameinama juu ya mitambo.

"Wallahi ndiye!" akasema kwa furaha. "Nilipoambiwa shirika la Shauri Moyo, nikasema lazima ni hili la mwanangu. Mumin! Kumbe hapa ndipo unapojificha?"

Mumin aliinua kichwa. Syombua aliona uso wake ukibadilika, midomo ikikauka. Huyu ndiye Mama Ruqiyo. Huyu ndiye aliyeapa jina la Syombua lisitajwe nyumbani kwake. Syombua alitamani sakafu mpya ya studio ipasuke immeze.

Lakini mama yule alimgeukia akitabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na wewe binti yangu ndiye utakayeniuliza? Mkono baridi hivi! Ni mimi ninayepaswa kuogopa. Unaitwa nani?"

"Syombua."

Alingoja. Alingoja ile mikono imwachie, ule uso ukunjike, presha ipande.

"Syombua," Mama Ruqiyo akarudia polepole, akilionja. "Jina zuri. Dukani kwangu nilikuwa na rafiki, Mkamba pia, Ndete. Mtu wa kweli sana. Haya, nikae wapi?"

Hakuna kilichotokea. Jina lilipita masikioni mwake kama jina la mtu ambaye hajawahi kumsikia. Syombua aligeuka kumtazama Mumin. Mumin alikuwa anashughulika na nyaya ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Waliketi. Mama Ruqiyo alikataa kuvaa hedfoni juu ya mtandio wake, akasema masikio aliyopewa na Mungu yanatosha. Syombua alivaa zake. Taa nyekundu ikawaka.

Dakika kumi za kwanza aliuliza maswali yaliyokuwa kwenye karatasi, na mama alijibu kwa ucheshi, akasimulia habari za binti yake aliyemficha ujauzito mpaka mwezi wa saba, na jinsi alivyojilaumu kwa kuwa mama wa kuogopwa. Tangu siku hiyo, alisema, aliweka nadhiri: mtoto wake akija na jambo, atanyamaza kwanza asikie.

Syombua aliiweka karatasi chini. Hakujua alikuwa ameamua nini mpaka alipojisikia akisema.

"Mama, ngoja nikuulize lililo gumu. Mwanao wa kiume akikuletea binti wa dini nyingine, na kabila jingine, utafanya nini?"

Kwenye hedfoni sauti ya Mumin iliingia, ya chini, ya haraka. "Syo, hilo halipo kwa karatasi."

Mama Ruqiyo hakusikia. Alikuwa anafikiri.

"Kwanza nitalia," akasema. "Tuko kwa redio, sitakudanganya. Nitalia siku tatu. Nitakataa chakula. Nitawapigia ndugu zangu wote, mpaka wale ambao tumenuniana. Dini si shati, mwanangu, kwamba leo hili, kesho lile. Nitauliza watoto watalelewa vipi, na huyo binti yuko tayari kuijua dini yetu au anapita tu." Akavuta mtandio wake. "Siku ya nne nitaoga. Nitamwambia, mlete. Maana mtu hukataa kitu alichokiona. Mimi nitakataaje nisichokiona?"

"Na hajawahi kukuletea?"

"Syo," Mumin akasema kwenye hedfoni. "Tukate. Kuna shida ya sauti."

Syombua alimtazama kupitia kioo. Walizoea kutazamana kupitia kioo hicho. Kabla mitambo haijafungwa walikuwa wakiandikiana majina kwa pumzi juu yake, kila mmoja upande wake. Sasa aliyaona macho yale yakimwomba.

"Sauti iko sawa," akasema. "Endelea, Mama."

"Nani, huyu Mumin wangu? Huyu aliyejenga chumba hiki?" Mama Ruqiyo akacheka na kumwonyesha kwa kidole. "Miaka thelathini na mitatu! Nimemuuliza mpaka nimechoka. 'Hooyo, niko na kazi.' Mwaka jana nikamwambia kuna Ladan, binti wa jirani yetu Kahin, mtoto mtulivu. Akasema hamtaki. Nikamwambia, sawa, basi niletee unayemtaka wewe, hata awe nani, nizeeke nikijua una mtu. Unajua alinijibu nini? Alisema hana mtu."

"Alisema hana mtu."

"Mbele ya dada zake. Hana."

Syombua alikimaliza kipindi. Baadaye hakukumbuka alivyokimaliza, ila waliokisikia walisema sauti yake haikutetereka hata kidogo. Aliwashukuru wasikilizaji, taa nyekundu ikazimika, akavua hedfoni.

Mama Ruqiyo alikuwa bado ameketi, anamwangalia. Aliangalia kioo, halafu akamrudia tena.

"Binti yangu," akasema taratibu, "lile swali ulikuwa unamuulizia nani?"

"Wasikilizaji, Mama."

"Aha." Hakuonekana kuamini. Lakini Mbeti aliingia akimwambia chai iko tayari, na mama yule akaondoka, akigeuka mara moja mlangoni.

Mumin aliingia na kufunga milango yote miwili.

"Syo, wacha nikueleze."

"Presha yake inaendelea aje?"

"Syo."

"Nauliza. Mwanamke ametembea kutoka Majengo kwa miguu, hata hakuhema. Ile presha inayopanda akisikia jina langu, ilimpanda saa ngapi? Amelisikia leo. Amesema ni zuri."

Mumin aliegemea ukuta, sifongo ikabonyea nyuma ya mabega yake. "Nilikuwa nitamwambia."

"Lini?"

"Kila wiki. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nilikuwa nasema, leo."

"Mwezi wa nane ulikuja kwangu, ukakaa kwa godoro, ukalia. Uliniambia amekutupia viatu nje. Ulilia machozi, Mumin. Mimi ndiye niliyekufuta. Ulikuwa unalilia nini?"

"Nilikuwa nalia kweli."

"Najua ulilia kweli. Nauliza ulikuwa unalilia nini."

Ndani ya chumba kile kimya kilikuwa kizito, hakuna nyundo, hakuna mhubiri wa mbali, wala mtoto anayelia ploti ya jirani.

"Niliogopa," Mumin akasema.

"Kukataliwa."

"Hapana." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwangalia kama mtu asemaye kweli. "Kukubaliwa. Ninamjua Hooyo. Najua angelia, halafu angesema mlete. Na akishasema mlete, ningekuwa sina tena cha kungoja. Nyumbani mimi ndiye mtoto asiye na shida. Baba alikufa nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo sijawahi kumletea yule mama jambo la kumkosesha usingizi. Kwako nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nacheka. Nilitaka kule kubaki vile, na huku kubaki vile."

"Na mimi nibaki vile mpaka lini?"

"Sikuwa nimefika huko kwa mawazo."

Alilisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma. Angekuwa mkali, Syombua angepata kitu cha kupigana nacho.

"Nimemwacha baba yangu," akasema. Sasa sauti ilianza kumtoka vibaya. "Miezi minane nalala peke yangu Mbotela nikisikia majirani wakila na watu wao. Nilimwambia baba yangu mbele ya wazee wa kanisa kwamba wewe unapigana na mama yako kwa sababu yangu, kwa hivyo na mimi nitapigana na yeye. Nilisema hivyo kwa mdomo huu."

"Mimi sikukuambia uhame, Syo."

Maneno yalishatoka. Mumin mwenyewe aliyasikia, akanyoosha mkono kama anayetaka kuyarudisha. Syombua aliutazama mkono ule, mkono alioujua kuliko wake mwenyewe, na akaona haumhusu tena. Ilikuwa ajabu jinsi jambo la miaka miwili linavyoweza kwisha kwa pumzi moja.

"Ni kweli," akasema. "Hukuniambia."

"Sikumaanisha hivyo. Ngoja. Nitamwambia leo. Sasa hivi. Si yuko hapo nje, anakunywa chai? Twende pamoja. Nitasema, Hooyo, ndiye huyu. Hatua ishirini tu, Syo. Twende."

Akashika mlango. Na Mungu ndiye shahidi, Syombua alitamani. Mguu wake mmoja ulisogea. Alimwona Mama Ruqiyo akiweka kikombe chini, akilia siku zake tatu, akioga siku ya nne. Alijiona yeye mwenyewe akiketi katika nyumba ile, akiitwa binti yangu.

"Leo utamwambia kwa sababu umeshikwa," akasema.

"Si muhimu ni kumwambia?"

"Unajua mimi nimemchukia mama huyu? Sijamwona hata siku moja, na nimemchukia miaka miwili. Nimepiga magoti kanisani nikimwombea mabaya. Nilimwomba Mungu amchukue, Mumin. Mwanamke ambaye hakujua hata kama niko duniani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hilo wewe ndiye uliyenifanyia. Uwongo wako ningeweza kukusamehe. Lakini kila nikimwona nitakumbuka nilichomwombea."

"Nakupenda. Hilo halikuwa uwongo."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nifungulie mlango."

Alimfungulia. Wa kwanza, halafu wa pili, na kelele za Gikomba zikaingia zote kwa pamoja.

Bwana Nalianya alikisikiliza kipindi mchana huo, akatoka chumbani akipiga makofi peke yake. Alisema katika miaka yake yote hajasikia mama akizungumza hivyo, na lile swali la dini ndilo lenyewe. Ndicho kipindi kitakachofungua studio. Mama Ruqiyo alikuwa ameridhia kwa mdomo na kwa sahihi. Syombua alipoulizwa, alisema wakitumie. Mumin aliomba likizo ya ghafla, na fundi mwingine, Ndirangu, akaletwa kukaa nyuma ya kioo.

Kipindi kilitoka Jumamosi saa nane mchana, kwenye redio ya mtaa. Syombua hakuwa na nia ya kukisikiliza. Alikuwa uani Mbotela, mbele ya beseni, anafua shuka. Lakini mama wa chumba cha tatu alikuwa ameweka redio dirishani, na kabla hajapata pa kukimbilia akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye adabu: Mama, ngoja nikuulize lililo gumu.

"Si ni wewe huyo?" jirani akapiga kelele. "Umejua kumuuliza!"

Akaendelea kusugua. Alisugua shuka moja mpaka kipindi kikaisha na nyimbo zikaanza. Ndipo simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Aliliona jina, akadhani macho yanamdanganya, akapokea na povu mikononi.

"Ni mimi," baba yake akasema.

"Baba."

"Niko karakana. Tumekuwa na redio hapa. Mwenzangu Nzivo ndiye aliyesema, Muthama, si huyo ni msichana wako." Nyuma yake tezo ziligonga mti, watu wakaongea Kikamba. Akangoja wapunguze sauti. "Umesema vizuri. Hukukimbia maneno."

"Asante, Baba."

"Yule mama. Amemtaja mtoto wake, Mumin. Ndiye yule?"

Syombua aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ndiye."

Mzee Muthama alikohoa, kikohozi chake cha mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mimi nilidhani ni watu wa kutudharau. Niliona wakikuchukua, watakutupa. Sasa namsikia mama wa watu anasema atalia siku tatu, halafu atamwita msichana amwone. Nikajiuliza, yeye siku tatu, mimi miezi minane. Nani ameshinda hapo? Kuna kitu sijaelewa. Anasema kijana hajamwambia. Lakini hayo ni ya vijana, labda alikuwa anaogopa. Hata mimi nilimwogopa babu yako. Mlete. Kesho baada ya kanisa. Mama yako atapika. Sijasema nimekubali, unanisikia? Nimesema nimwone."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiwiko chake mpaka mguuni. Kwa miezi minane alikuwa ameyaomba maneno haya. Alikuwa ameyaota kwa sauti hii hii.

"Baba," akasema. "Tumeachana. Tangu Alhamisi."

Kule karakana tezo ziliendelea kugonga. Baba yake hakuuliza kwa nini. Alipumua tu, muda mrefu, kwa namna ambayo Syombua hakuwahi kumsikia akipumua.

"Basi njoo wewe," akasema. "Njoo leo."

"Leo siwezi, Baba. Niko na nguo kwa maji."

"Kesho?"

"Nitaona."

Alikata simu akaikausha kwa pindo la aproni. Jirani akamuuliza ni nani aliyepiga, akajibu ni nyumbani. Kisha akachuchumaa tena mbele ya beseni, akalitoa lile shuka, akalikamua kwa nguvu zake zote.